Siku nzima ya burudani kwa redio ya Waingereza miaka ya 50, watu walikuwa wanaskiza nini hasa?

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Habarini wakubwa. Mi niko kwa kastesheni kadogo ka jamii huku Kisumu, tumepewa lisaa limoja kila Jumamosi la kuongea historia ya redio na wiki ijayo ni zamu yangu, nimechagua BBC ya zamani, si ile ya habari, ile ya muziki na kuchekesha, Light Programme. Shida ni kwamba nikitafuta napata tu majina ya vipindi na majina ya waigizaji, ile siku yenyewe siioni. Nataka mtu anieleze kama mama wa nyumbani ama mtu wa kiwanda huko Birmingham mwaka wa 1955 akiwasha redio asubuhi alikuwa anapata nini mpaka alale. Halafu kila nikisoma naona bendi, bendi, okestra, bendi, kwani hawakuwa na santuri za kucheza? Pia kuna mzee hapa ofisini anasema masetla wa Nakuru walikuwa wanaskiza hiyo stesheni moja kwa moja huko kwa mashamba yao, ni ukweli? Nisije nikaongea uongo hewani watu waanze kupiga simu.

Mzee_wa_Valvu (Nakuru)

Binti, huyo mzee wa ofisini mwambie kwa heshima kwamba hapana. Light Programme ilianza tarehe 29 Julai 1945, vita vya Ulaya havijamaliza hata miezi mitatu tangu viishe, na ilirushwa kwa mawimbi marefu ya mita 1500 kutoka Droitwich, pamoja na mawimbi ya kati ya mita 261 ya kusaidia mijini. Hayo ni mawimbi ya kuhudumia Uingereza, hayakutengenezwa kufika Njoro wala Rongai. Setla wa Njoro alikuwa anashika BBC ya ng'ambo kwa shortwave, ama anaskiza stesheni ya Nairobi ambayo ilikuwepo tangu 1928 na ilikuwa inapokea mambo ya London na kuyarusha tena. Humo ndani vipindi vya vichekesho viliingia, kwa hivyo kipindi angeweza kukipata lakini stesheni yenyewe hakuwa anaipata. Nimefungua redio nyingi sana za hao watu walipouza mashamba na ukiangalia kioo cha mbele utakuta imeandikwa majina ya miji ya Ulaya mizuri mizuri, Hilversum, Luxembourg, Droitwich, watu wanaona hayo maandishi wanadhani basi mzungu alikuwa anakaa Subukia akishika Droitwich. Yale ni maandishi ya kiwanda tu.

Sasa siku yenyewe. Unafaa uelewe kwamba mpango wote ulifuata mikono ya watu inafanya nini saa hiyo. Asubuhi saa tatu na dakika kumi, baba ameenda kazi, watoto wameenda shule, mama yuko na vyombo, ndipo inaingia Housewives' Choice, kipindi cha maombi ya nyimbo kilichoanza 1946. Watu waliandika postikadi, mtangazaji anasoma jina anacheza wimbo, na watangazaji wengi walikuwa wanaume wenye sauti za kubembeleza, naona hapo BBC walijua wanachofanya. Saa nne na nusu inakuja Music While You Work, nusu saa ya bendi bila mtu kuongea ongea katikati, hiyo ilianza Juni 1940 wakati wa vita ili viwanda vya silaha visilale. Bendi ilipewa masharti: sauti isipande isishuke kwa sababu ikishuka mashine zitaifunika, wimbo uwe unaojulikana, usiwe wa kusinzisha. Kuna wimbo wa Kimarekani unaitwa Deep in the Heart of Texas uliopigwa marufuku kwenye kipindi hicho juu una mahali pa kupiga makofi, na wafanyakazi wangeacha kazi wapige makofi ama wagonge spana kwa mashine.

Saa tano asubuhi ni marudio ya Mrs Dale's Diary, ile mchezo ya mke wa daktari, kipindi kipya kilikuwa kinatoka saa kumi jioni halafu kinarudiwa kesho yake asubuhi kwa waliokosa. Ilianza Januari 1948 ikaenda mpaka 1969. Hakukuwa na mambo makubwa humo, mama anaongea na diary yake, ana wasiwasi juu ya bwanake Jim, jirani amekuja, chai imepoa. Hiyo "I'm rather worried about Jim" ilikuwa mzaha wa nchi nzima.

Mchana saa nane kasorobo watoto wadogo wanaitwa. Listen with Mother ilianza Januari 1950, mtangazaji anauliza mmekaa vizuri, basi nitaanza, halafu hadithi fupi na nyimbo. Dakika kumi na tano tu, na saa nane ikifika mtoto amelala, mama anabaki na Woman's Hour. Hiyo ilianza Oktoba 1946 na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, anaitwa Alan Ivimey, anafundisha kina mama mambo ya nyumba. Hawakuvumilia sana hiyo, na kipindi kiko hewani mpaka leo kikiendeshwa na wanawake wenyewe.

Jioni nitawaachia wengine, macho yamechoka na hii simu.

Omwana_wa_Webuye

Mzee wa Valvu asante sana, mi nimeshika hapo kwa santuri juu hiyo ndio swali la maana hapa. Dada, santuri walikuwa nazo, ruhusa ndio hawakuwa nayo. Makampuni ya santuri pamoja na chama cha wanamuziki walikuwa wamebana BBC, kwamba masaa ya kucheza rekodi kwa siku ni machache na yamehesabiwa, juu mkicheza rekodi mchana kutwa nani ataajiri mpiga tarumbeta? Waliita hayo masaa needle time, sindano ya gramafoni ikigusa santuri saa inahesabika. Ndio maana BBC ilibidi waweke bendi hai kila mahali, okestra za stesheni, bendi za hoteli, mtu na kinanda chake, na hata wimbo wa Marekani uliokuwa unavuma unaupata umepigwa na bendi ya hapo nyumbani na mwimbaji wa hapo nyumbani, sio mwenye wimbo. Vijana walichoka. Wakawa wanangoja usiku wanatafuta Radio Luxembourg kwa mita 208, ile ilikuwa ya biashara, ina matangazo ya sabuni na kila kitu, inapotea inarudi inapotea lakini inacheza rekodi zenyewe. Halafu 1964 ikaja Radio Caroline, meli imetia nanga baharini nje ya mipaka inarusha muziki siku nzima, serikali ikakasirika ikapitisha sheria iliyoanza kufanya kazi Agosti 1967, na mwezi uliofuata tarehe 30 Septemba Light Programme ikafungwa ikagawanywa kuwa Radio 1 ya vijana na Radio 2 ya wale wengine. Kwa hivyo ukiuliza nani aliua Light Programme mi nasema ni hiyo sindano.

Kitu kingine usisahau kusema hewani, sio kila nyumba ilikuwa na stima. Sehemu nyingi za mashambani huko kwao redio ilikuwa inatumia betri ya maji, ya asidi, unaibeba unapeleka dukani kuchajiwa unachukua ingine. Mi nimekulia mahali betri ya gari inafungwa kwa kiti cha nyuma cha baiskeli inapelekwa soko ichajiwe ndio Jumapili muone mpira, na asidi ikimwagika hiyo suruali imeisha, so nikisoma vile mama wa Uingereza alikuwa anapima betri isije ikaisha kabla kipindi cha jioni naelewa kabisa.

Bazu_wa_58 (Nakuru)

Wee hamjasema kichekesho chenyewe. BBC walikuwa na kitabu cha masharti ya vichekesho, kilitoka 1949, watu wanakiita kitabu cha kijani, na humo ndani kuna orodha ya vitu huwezi chekesha navyo. Vyoo, hapana. Bibi na bwana harusi wakiwa fungate, hapana. Chupi za kina mama, hapana. Sungura na tabia zao za kuzaana, hapana, hahaha sungura walikosea nani jameni. Wahudumu wa vyumba vya hoteli pia hapana. Sasa wewe ni komedia umepewa nusu saa uchekeshe taifa bila hivyo vyote utasema nini?

Na wakachekesha!! Hapo ndio mi huwavulia kofia. Take It From Here ya Frank Muir na Denis Norden, ilianza 1948. Hancock's Half Hour, Novemba 1954, jamaa ni mtu wa kawaida tu anajiona mkubwa na maisha yanamkataa, hakuna mtu anaingia anasema joki halafu muziki, ni hadithi moja nusu saa nzima, waandishi ni Galton na Simpson. The Goon Show ya kina Spike Milligan, Peter Sellers na Harry Secombe ilikuwa wazimu mtupu, lakini dada uwe makini hiyo ilikuwa inatoka Home Service, stesheni ingine ya BBC hiyohiyo, usiiweke kwa siku yako kama ni Light peke yake unaongelea ama useme mama alizungusha kifundo.

Na kuna ile ya Educating Archie. Hii nikiwaambia watu hawaamini. Kuna jamaa anaitwa Peter Brough, kazi yake ni kuongea na mwanasesere bila kufungua mdomo, na wakampatia kipindi KWA REDIO. Mtu wa kuongea bila kuchezesha mdomo, kwa redio, nani anamwona?? Kipindi kilianza 1950 kikaenda miaka mingi, mamilioni wanaskiza, na mwanasesere Archie alikuwa anafundishwa na walimu wa kila aina, Tony Hancock alipitia hapo, Max Bygraves pia, hata Julie Andrews akiwa msichana mdogo alikuwa anaimba hapo. Watu wanasema mdomo wa Peter Brough ulikuwa unacheza sana tu, so redio ndio ilimfaa.

Mwalimu_wa_Shinyalu

Ngoja niweke jioni, Mzee wa Valvu ameiacha hapo mlangoni.

Saa moja kasorobo jioni, dakika kumi na tano, hiyo ndio ilikuwa saa ya nchi nzima kukaa kimya. Kuanzia Oktoba 1946 ilikuwa ni Dick Barton, mpelelezi wa kupigana na majambazi, kila siku kipindi kinaisha amefungwa kamba ama gari linaanguka, kesho anatoka. Wazazi na walimu wakalalamika watoto hawafanyi homuweki, BBC wakamwekea Barton masharti ya tabia, asilewe, asitukane, kama ni kijana wa kwaya. Mwaka wa 1951 wakamtoa wakaweka The Archers kwenye hiyo saa, hadithi ya familia ya wakulima. Na hapa sisi watu wa Western tuskize vizuri. Hiyo mchezo ilitengenezwa kusaidia kilimo. Vita vimeisha lakini chakula bado kinagawanywa kwa kadi, serikali inataka mkulima alime kisasa, kipeperushi hasomi, basi jamaa wa BBC wa Birmingham anaitwa Godfrey Baseley akaweka maarifa ya kilimo ndani ya hadithi, Dan Archer anabishana na jirani kuhusu ng'ombe na mkulima anayeskiza anabeba ushauri bila kujua amefundishwa. Inaendelea mpaka leo, zaidi ya miaka sabini.

Tarehe 22 Septemba 1955 ndio hadithi kubwa. Usiku huo televisheni ya biashara, ITV, inafunguliwa London kwa mara ya kwanza, magazeti yote yamejiandaa kuandika juu yake. Jioni hiyo hiyo The Archers wakamuua Grace Archer, bibi harusi wa juzi tu, ameingia kwa zizi linalowaka moto kuokoa farasi, boriti ikamwangukia. Watu wakalia nchi nzima, simu BBC zikajaa, na asubuhi magazeti yako na Grace. BBC hawakuwa wanakubali waziwazi kwamba ilipangwa. Mi naamini ilipangwa, hakuna mtu anaua mke mpya wa mtoto wa Dan Archer siku kama hiyo kwa bahati mbaya.

Lakini televisheni ilishinda mwishowe. Alipotawazwa Malkia Elizabeth mwezi wa sita 1953 watu walinunua televisheni kwa wingi, na ile Journey into Space ya Charles Chilton iliyoanza Septemba ya mwaka huo husemwa ndiyo ya mwisho kupata wasikilizaji wa jioni wengi kuliko televisheni. Baada ya hapo redio ikarudi kuwa kitu cha mchana na cha Jumapili.

Na Nyar Kibuye, kama utachagua siku moja chagua Jumapili, achana na Jumanne. Saa sita mchana, nyama iko kwa oven, inaingia Two-Way Family Favourites. Wanajeshi wa Uingereza wako Ujerumani, familia ziko nyumbani, mtangazaji mmoja anakaa London na mwingine Hamburg wanaongea kwa laini moja, huyu anasoma salamu za mama kwa kijana, yule anajibu za kijana kwa mchumba. Jean Metcalfe alikuwa London, Cliff Michelmore alikuwa Hamburg, walijuana kwa sauti kwenye hiyo laini kabla hawajaonana, na 1950 wakaoana. Halafu saa saba na nusu Billy Cotton anaingia na bendi yake anapiga kelele "Wakey-wakey!" kama mtu anaamsha kambi. Hiyo kelele na harufu ya nyama, mtu yeyote aliyekua huko miaka hiyo atakuambia ndiyo Jumapili.

Bazu_wa_58 (Nakuru)

Sasa hapo ndio salamu zetu zilitoka! Zile kadi za salamu za VOK, ile Sauti ya Kenya ya zamani, "nawasalimu fulani na fulani popote mlipo," kumbe ni Waingereza walituletea.

Mzee_wa_Valvu (Nakuru)

Bazu, hapo nakataa. Mtangazaji wa London alisoma salamu ili afike kwa wimbo, ndiyo maana kipindi kinaitwa nyimbo unazopenda. Kwetu wimbo ulikuwa kisingizio. Mtu ananunua kadi, anaijaza majina hadi pembeni, mjomba wa Mumias, shemeji wa Thika, rafiki wa gereji, na akisikia mtangazaji ametaja jina lake hata wimbo haskizi, ametoka nje kuambia majirani. Kusalimia watu wote kwa mpangilio bila kuruka mtu ni kitu tulikuwa nacho kabla ya redio, ukienda matanga unaona. Mwaka wa 1953 ndipo huduma ya Waafrika ilianza hapa, Kiswahili, Dholuo, Kiluhya, Kikamba na zingine, halafu Kisumu ikapata stesheni yake ya Ziwa, na watu wakaingiza tabia zao humo. Umbo la kipindi labda lilikopwa London, sitabishana, lakini ndani yake ni mambo ya kwetu.

Omwana_wa_Webuye

Naunga mzee mkono nusu. Lakini kuna mtu wao mmoja angekaa vizuri hapa kwetu, Wilfred Pickles wa Have a Go, 1946 mpaka 1967. Huyu alikuwa anazunguka na kipindi, kumbi za vijiji, viwanda, anaongea na wazee wa kawaida anawauliza maisha, maswali rahisi, zawadi ndogo ya pesa, na mkewe Mabel ndio anashika hela. Alikuwa na lafudhi ya Yorkshire. Wakati wa vita walimweka asome habari na hiyo lafudhi, wasikilizaji wengine wakakasirika eti habari zinasikika kama si za kweli zikisomwa na mtu wa kaskazini. Sisi ambao tumewahi chekwa kwa sababu ya "r" na "l" tunajua hiyo story.

Na Workers' Playtime pia, dada, hiyo usiache. Mei 1941 mpaka 1964, saa ya chakula cha mchana, wanabeba mapiano mawili na wachekeshaji wanaenda kwa kantini ya kiwanda, wakati wa vita walikuwa wanasema tu "mahali fulani Uingereza" juu wakitaja kiwanda ndege za Mjerumani zitajua pa kupiga bomu. Prodyusa alikuwa anaitwa Bill Gates, naapa, ndiyo jina lake, na ndiye anafunga kwa kuwatakia wafanyakazi wote kila la heri.

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Jameni erokamano sana, nimeandika mpaka kalamu imeisha. Mwalimu nimechukua Jumapili yako, Omwana wa Webuye nimechukua betri yako, Mzee nimechukua mawimbi na nitamwambia yule mzee wetu polepole. Lakini hiyo ya kantini ndio imenimaliza. Nimeongea na bosi na amekubali tuache studio, tuende saa saba mchana kwa mabanda ya jua kali hapa Kibuye na mpiga nyatiti mmoja na mchekeshaji mmoja, turekodi lisaa wakati watu wanakula, bila santuri hata moja, halafu tucheze Jumamosi katikati ya hizo story. Bazu kama uko na joki ambazo hazina choo wala sungura nitumie.

Mzee_wa_Valvu (Nakuru)

Beba maiki mbili na uziweke mbali na watu wa masufuria. Na mpiga nyatiti umwambie asipige ule wimbo ambao watu hupigia makofi, hao vijana wako na nyundo mkononi.

Bazu_wa_58 (Nakuru)

Mi natuma joki kumi, nne ziko na choo, utachagua.